Siku Nilipohamisha Nafasi ya Kina cha Maji

Nikikumbuka siku moja ya ujana wangu, mwanangu, hucheka peke yangu. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na minne, fundi wa programu kwenye karakana ndogo pale Mwanjelwa, najiona nimefika.

Tulikuwa tumewafungia wakulima wa mpunga wa Madibira vifaa vya kupima maji mferejini. Kila kifaa kilituma pakiti ya taarifa kwenye kompyuta inayofungua na kufunga lango la maji. Mwanzoni mwa pakiti kuna sehemu tunayoiita kichwa: kwanza namba ya kifaa, kisha kina cha maji. Kompyuta husoma kwa mpangilio huo huo, haina macho mengine.

Nikataka kuongeza hali ya betri. Nikafungua msimbo, yaani maagizo yanayoviendesha vifaa vile, nikaichomeka hiyo hali ya betri katikati, kabla ya kina cha maji, eti panapendeza. Nikavisasisha vifaa vyote bila kumuuliza mtu. Kompyuta ya lango nikaisahau. Akili nyingi huondoa maarifa.

Kesho yake asubuhi kompyuta ikasoma betri, ikadhani ni kina cha maji. Namba ya betri ilikuwa ndogo, kwa hiyo ikaona maji haba, ikaachia lango wazi. Kitalu cha Mama Tulizo, kiongozi wa wakulima, kikafurika, miche ikaelea. Bosi akanituma huko huko nikajieleze.

Nilimkuta Mama Tulizo amesimama majini.

"Kamwene, mama," nikamsalimu kwa lugha ya kwao.

"Kamwene. Ndiwe uliyebadilisha?"

"Ndimi, mama. Nisamehe."

"Kompyuta mimi siijui. Ila nikigeuza mfereji wangu, namwambia kwanza mwenye shamba la chini. Wewe ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu, mama."

"Haya, vua viatu."

Tukaokota miche hadi mchana. Niliteleza nikakaa kwenye tope na suruali yangu ya ofisini. Akina mama wakacheka mpaka wakashikana mabega, nami nikacheka. Miche mingi ilipona.

Niliporudia kazi, nafasi za zamani niliziacha zilivyo, betri nikaiweka mwishoni. Nikasasisha kompyuta ya lango kwanza, ndipo vifaa, kimoja kimoja. Mama Tulizo mwenyewe akanipigia: "Lango limetulia, binti."

Basi mwanangu, usihamishe kitu ambacho wenzako wanakitegemea kabla hujawaambia. Kipya kiongeze mwishoni, cha zamani kiheshimu. Na ukikosea, nenda mwenyewe kwa uliyemkosea, usimtume mtu. Mungu aibariki mikono yako, akupe wakubwa wa kukukemea kwa upendo, na kila unachokituma kifike salama.