Nilimwambia Mwanangu "Thubutu!"

Admin, naomba unifichie jina. Nina miaka themanini na mmoja, mwalimu mstaafu, naishi Lewisham. Moyo wangu umechoka. Daktari hazungumzii tena miezi, anazungumzia wiki.

Mwanangu wa pekee alizaliwa hapahapa London. Kiswahili alikisikia, kukisema ndiyo ilikuwa kazi. Alikuwa rubani wa ndege ndogo, na Jumamosi moja alitualika kwenye kiwanja cha ndege nje ya mji: mimi, mkewe na binti yao. Hao wawili walipokwenda kutafuta chai, akanipigia simu kabla ya kupaa. Akaniuliza kwa Kiingereza, akifika usawa wangu aibingirishe ndege, tumbo juu, karibu na ardhi, ili nimwone vizuri?

Nikacheka. "Thubutu!"

"Okay, Baba! Angalia!"

Kwetu Tanga hilo ni katazo: jaribu uone kitakachokupata. Yeye alilichukua kama lilivyo kwenye kamusi: fanya kwa ujasiri. Ile "Okay" ilinishtua. Ningeweza kumpigia tena. Sikupiga. Ukweli ambao sijamwambia mtu ni kwamba nami nilitaka kuona.

Ndege ikaja chini sana, ikalala ubavu, ikageuka tumbo juu, kisha pua ikainama. Rubani mwenzake aliniambia baadaye, "Mzee, ukikosea ukiwa juu, una hewa ya kujirekebishia. Ukikosea chini, una ardhi tu." Wachunguzi waliniuliza kama alinieleza alichokusudia. Nikasema hapana.

Tangu hapo mkwe wangu anaamini mumewe alikufa kwa kujionyesha tu. Juzi, akininywesha uji, mjukuu wangu aliuliza kwa nini picha ya baba yake haipo ukutani. Mama yake akajibu, "Alipenda sifa kuliko sisi. Muulize Babu, yeye alikuwepo."

Mtoto akanigeukia. "Babu, is it true?"

Nikafumba macho kama niliyesinzia.

Mkwe huyu ndiye anayeniogesha, sina mwingine. Nikisema, huenda mtoto akarudishiwa baba yake, nami nikafia mikononi mwa wageni. Nikinyamaza, nitazikwa na heshima ambayo mwanangu alinyimwa. Nimwambie, au niondoke na siri hii? Nishaurini, wanangu, na msichelewe. Siku hizi sauti yangu hutoka asubuhi tu.