Alama Kumi za Kuchuchumaa

Nimekaa miaka kumi na tisa na ufunguo wa stoo ya zana za kufundishia, kitivo cha elimu, na sijawahi kuitwa mwalimu hata kwa bahati mbaya. Ninachotunza ni vizibo vya kuhesabia, kadi za herufi, wanasesere wa matambara, na viti ishirini vya watoto ambavyo hakuna mtoto aliyewahi kuvikalia. Vinakaliwa na watu wazima, wengine na ndevu zao, wengine na mimba zao. Ndivyo walimu wa chekechea na shule ya msingi wanavyofundwa pale chuo kikuu: mmoja anasimama mbele anakuwa mwalimu, wenzake ishirini wanajikunja kwenye viti vidogo wanakuwa watoto, na nyuma kabisa anakaa mhadhiri na fomu yake.

Huyo mhadhiri wanafunzi walimwita Mama Chuchumaa, akiwa hayupo lakini, maana mbele yake hakuna aliyethubutu. Kwenye fomu ya tathmini alikuwa ameongeza mstari wake mwenyewe: mwalimu anapozungumza na mtoto mmoja, ashuke mpaka macho yao yalingane. Alama kumi. Ukimwinamia mtoto kama mtu anayetafuta sindano iliyodondoka, unapata tatu. Ukisimama wima ni sifuri, na maneno juu. Kila mwaka aliwaambia kwamba kwa mtoto watu wazima wote ni matumbo na mikanda, kwa hiyo wampe uso. Mwenyewe alichuchumaa kuwaonyesha hadi magoti yakamwisha, ikabidi nimwinue kwa kwapa kama gunia.

Siku moja, tukipanga kadi, aliniambia alivyoanza shule. Alikuwa hasemi na mtu, na alijikojolea kila asubuhi kengele ikilia. Mwalimu mmoja tu ndiye aliyeshuka chini akamtazama, akamuuliza jina lake. Basi. Maisha yake yote aliyajenga juu ya dakika ile, na mimi sikuwahi kumcheka tena kwa ajili ya mstari wake.

Mwaka wake wa mwisho kabla ya kustaafu, baraza la chuo likaleta barua. Kompyuta mpya hazina pa kukaa, chumba chetu cha mazoezi ya kufundisha kinakula nafasi, na kozi yenyewe inaweza kusomwa kwa video. Kama idara inaamini mazoezi yale yana faida, ilete ushahidi kutoka shuleni ndani ya wiki tatu. Mama alifurahi, masikini. Alisema ushahidi upo na anajua unafundisha wapi. Alimaanisha msichana tuliyemwita Kumi kwa Kumi, aliyezoa alama zote za kuchuchumaa muhula baada ya muhula, na sasa alikuwa na mwaka wa nne akifundisha darasa la kwanza.

Siku zote Mama alipokwenda kukagua mtu aliandika barua mapema, kwani aliona kumvamia mwalimu darasani ni kukosa adabu. Safari hii muda ulibana. Tukaenda hivyo hivyo, mimi nimebeba boksi la kadi za herufi, zawadi kutoka stoo.

Darasa lilikuwa na watoto mia moja na kumi na wanne. Niliwahesabu, ndiyo kazi yangu. Dawati la wawili limekaliwa na wanne, wengine wako sakafuni mpaka chini ya ubao, huoni pa kuweka mguu. Kumi kwa Kumi alikuwa amesimama kwenye kipande cha sakafu kilichobaki, sauti imekauka, mkononi ana kipande cha mpira wa maji. Alikonda vibaya, yule binti.

Alipotuona uso wake ukabadilika. Akautupa mpira nyuma ya meza, akatabasamu, akakusanya sketi yake, akachuchumaa mbele ya kisichana kimoja cha mstari wa kwanza. Alishuka taratibu, mgongo umenyooka, macho kwa macho. Ilikuwa alama kumi, hata mimi mtu wa stoo ningempa.

Kile kisichana kikafumba macho na kuweka mikono yote miwili kichwani. Jirani yake naye akafanya vivyo hivyo. Halafu mstari mzima wa mbele.

Tulitoka naye nje kwenye kibaraza. Mama alimuuliza imekuwa hivi tangu lini, akasema tangu muhula wa kwanza. Wiki ile ya mwanzo alichuchumaa kila siku. Siku moja, akiwa chini na mtoto mmoja, wawili walipigana nyuma ya mgongo wake, mmoja akachomwa penseli jichoni. Tangu siku ile hashuki bure, na watoto wanajua kwamba akishuka amemfuata mtu na mpira.

"Na nilipokuja kukukagua?" Mama akauliza.

"Barua yako ilifika mapema, Mama. Wengine tuliwapeleka kufagia uwanja. Nikabaki na ishirini."

 Kisha yule binti akaongeza, bila jeuri yoyote, "Ulitufundisha na watoto ishirini. Na hao ishirini tulikuwa sisi wenyewe. Majibu tulikuwa tunayajua."

Nilitaka kumtolea uvivu, nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini nilipotazama ile midomo iliyopasuka, na nyuma yake mia moja na kumi na wanne wanamsubiri, hasira ikakosa pa kwenda. Nikampa boksi lake. Aliniuliza aliweke wapi.

 Kesho yake mkuu wa idara alimshauri atie chumvi kidogo kwenye ripoti, nani atakwenda kuhakikisha. Mimi pia nilimwambia adanganye, tena nilimwambia kwa ukali, na sijutii. Chumba kile kilikuwa roho yake. Aliandika mistari minne, yote ya kweli, ya mwisho ikisema kwamba katika miaka thelathini na moja, mpaka wiki hii, hajawahi kuona darasa ambalo halikuandaliwa kwa ajili yake. Baraza likamshukuru kwa uaminifu wake, na chumba kikafungwa kuanzia mwisho wa muhula.

Zoezi la mwisho nilikuwepo, nikisubiri kubeba viti. Zamu ilikuwa ya msichana mmoja hodari, na alipofika kwa "mtoto" wa kiti cha mbele, jamaa mnene mwenye ndevu, alishuka vizuri sana. Wote walijua wapi pana alama.

"Wewe, mtoto," Mama akasema kutoka nyuma. "Fumba macho. Weka mikono kichwani."

Jamaa akatii. Wenzake wakacheka, walipomwona Mama wakaacha.

"Haya, mfundishe."

Msichana alinyoosha mkono amshike bega, akaurudisha. Alimwita kwa sauti ya upole, jamaa hakufumbua macho. Alibaki pale chini mpaka miguu ikaanza kumtetemeka, ndipo akageuka.

"Mwalimu, hapa nifanye nini?"

Mama alikuwa na kalamu juu ya fomu, kwenye mstari wake ule ule. Aliitazama muda mrefu.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Ningekuwa najua ningekuwa nimeshawaambia."

Kengele ikalia, wakakusanya madaftari yao wakatoka kimya kimya. Nilianza kupandanisha viti. Kile cha mbele sikuweza kukichukua, maana jamaa bado alikuwa amekikalia, macho kafumba, mikono kichwani, akisubiri aambiwe imekwisha.