Kikombe cha Mama Ngoie

Mwanangu, iko Jumapili moja katika kanisa letu la mtaa wa Kapata ambayo hata nikisahau jina langu sitaisahau. Nataka nikusimulie, kwa sababu jana nilikusikia ukisema juu ya yule binti wa jirani kwamba "tabia yake inajulikana tu". Nilinyamaza mbele ya wageni. Leo sinyamazi.

Ilikuwa miaka ya Zaïre. Mimi nilikuwa kijana, nimeoa juzijuzi, nafanya kazi katika labo ya kampuni hapa Kolwezi. Tulipima mawe yaliyotoka machimboni tujue yana shaba kiasi gani, na kila jiwe lilipimwa mara mbili kabla ya karatasi yake kutiwa saini. Siku nzima niliangalia maji ya dawa ndani ya vichupa, yamefika mstari gani, yamepungua kiasi gani. Macho yangu yalikuwa makali, na nilijivunia, nisikudanganye. Kanisani nilikuwa shemasi, mimi ndiye niliyepitisha kikombe cha meza ya Bwana kila mwezi, benchi kwa benchi. Kikombe kilikuwa kimoja kwa watu wote, tulitia siro nyekundu, ile sharubati ya chupa, na maji badala ya divai, na baada ya kila mtu nilikipangusa kwa kitambaa cheupe.

Basi nikagundua kitu. Mama Ngoie, mwimbaji wa kwaya, mke wa dereva wa machimboni, alikuwa akikiinua kikombe na kukiinamisha, lakini siro haipungui. Mwezi wa kwanza nikasema labda nimeona vibaya. Wa pili, vilevile. Wa tatu nilikuwa nimekwisha kukata shauri: mama huyu ana dhambi anayoificha, ndiyo maana anaogopa kunywa. Hata dhambi yenyewe nilimchagulia mimi, kwa kuwa mumewe alikuwa zamu ya usiku. Ona ubaya wa kichwa cha mtu!

Mwezi wa nne nilimpa kikombe, nikasimama mbele yake.

"Mama, leo hautapitisha," nikasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Kunywa, ao useme zambi yako mbele ya kanisa."

Mama Ngoie akakishusha kikombe.

"Tata shemasi, mi siko na zambi ya kuficha," akasema. "Niko na bugonjwa ya kifua. Munganga wa hospitali alinikataza kunywa na batu mu kopo moya. Nilikuwa nainua tu, juu musipate bugonjwa yangu. Na nilinyamaza juu ya batoto yangu, batu basibakimbie."

Benchi lile likawa tupu mara moja. Wiki ileile wanawake walimzuia kuchota maji kwenye bomba la mtaa mpaka wao wote wamalize, na watoto wake watatu wakawa wanacheza peke yao. Kile alichokilinda miezi yote, mimi nilikivunja kwa dakika moja. Naona aibu mpaka leo, mwanangu.

Jumatatu Tata Kyungu akaniita. Yeye alikuwa mkubwa wangu kazini na mzee wa kanisa pia. Hakupaza sauti.

"Jiwe ya kampuni, unaipima mara ngapi mbele ya kusinye karatasi yake?"

"Mara mbili, tata."

"Na Mama Ngoie, ulimuuliza mara ngapi?"

Ndipo akaniuliza kama ninasalimiana na kaka yangu aliyekuwa Kisenge. Mungu wangu! Alijua vizuri kwamba tuligombana, mwaka mzima hatuandikiani hata barua, na kila mwezi mimi nilikuwa nakunywa kikombe kile bila wasiwasi wowote.

"Anza kule," akasema. "Kisha utajua namna ya kuongea na ule mama."

Nilipanda treni mpaka Kisenge, nikapiga magoti mbele ya kaka yangu. Niliporudi nikaenda kwa Mama Ngoie, nikamweleza yote, hata namna nilivyoipima siro kwa macho. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni, hakunikaribisha ndani. "Nimesikia, tata," akasema, basi. Sikumlaumu. Tangu hapo mke wangu alikwenda naye bombani kila asubuhi, na waliotaka kusema walisema.

Zaidi ya mwaka ukapita, wa sindano na vidonge, mpaka munganga akamwambia amepona. Siku ya meza ya Bwana akarudi, akaketi benchi la mwisho, na watu wakasogea mbali. Nikampa kikombe. Akanywa. Nami nikakipokea, sikukipangusa, nikanywa palepale alipoweka midomo yake. Akaniangalia, akasema polepole:

"Angalia muzuri, tata shemasi. Leo imepunguka."

Nililia mbele ya kanisa zima, kikombe mkononi.

Mwanangu, Biblia haituambii tufumbe macho. Wizi ni wizi, uongo ni uongo, na Bwana mwenyewe alitaka tuhukumu kwa haki, siyo kwa sura ya nje. Lakini alituonya kwamba kipimo tunachowapimia wengine ndicho tutakachopimiwa, na mwenye boriti jichoni mwake aitoe kwanza, ndipo amsaidie ndugu yake mwenye kibanzi. Na juu ya kikombe kilekile, mtume anamwambia kila mtu ajichunguze mwenyewe. Hakusema tumchunguze aliyeketi benchi la mbele. Mimi niliona kweli, siro haikupungua. Nilichokosa ni kumuuliza, sisi wawili tu, kwa upendo. Basi wewe, kabla hujasema tena juu ya binti yule, nenda kwao ukamsalimie. Keti naye, umuulize hali yake, na usikilize mpaka amalize.

Mungu akupe macho ya kujiona wewe kwanza, akupe na ulimi usio na haraka. Na siku utakapokosea, maana utakosea, akuletee mtu atakayekunywa baada yako bila kukipangusa kikombe. Amina.