Vitanzi Ishirini vya Sweta la Mama

Enzi zetu, ndugu zangu mliosoma shule za msingi za kando ya reli, kipindi cha Stadi za Kazi hakikuwa cha kuchezea. Ulifagia uwanja, ukapanda mchicha ukakauka kwa jua, ukasuka ufagio, na ukifika darasa la tano ukafundishwa kufuma, uwe msichana au mvulana. Binti yangu ana miaka kumi na minne, na majuzi alijaribu kufuma kwa kuangalia video kwenye simu. Alidumu dakika kumi, akalalamika vidole vinamuuma, akapiga picha sindano na uzi akawatumia wenzake. Nilimcheka sana. Kisha nikaona haya, maana nilikuwa mfumaji mbaya kuliko yeye, na ubaya wangu haukuishia kwenye kufuma.

Tulikaa Gulwe. Mama aliuza karanga za kukaanga na mayai ya kuchemsha stesheni, treni ya asubuhi iliposimama. Aliuza pamoja na mama Damari, jirani yetu. Mmoja akiishiwa chumvi alichota ya mwenzake bila kuuliza, na mmoja akiumwa, mwenzake aliuza ndoo zote mbili. Mnaikumbuka baridi ya Juni na Julai, ule upepo mkavu unaopasua midomo. Tulipaka mafuta ya kupikia magotini, tukaenda shule tunang'aa, na vumbi lote la njiani likatuganda. Jioni ugali wa uwele na mlenda, na hakuna aliyekuuliza kama unapenda. Siku hizi mtoto anaulizwa, halafu anasema hajisikii kula.

Mama alikuwa na sweta moja tu, la kahawia, la mtumba, limebakiza vifungo viwili. Ndilo alilovaa kwenda stesheni.

Mwalimu Perusi alipotuagiza kila mtu alete sindano na uzi, sindano hazikutusumbua. Fundi baiskeli alitukatia spoku mbovu, tukazinoa ncha kwenye jiwe. Kazi ilikuwa uzi. Wachache waliletewa uzi mpya kutoka Mpwapwa mjini, laini, wa rangi kali. Mama alinisikiliza mpaka nikamaliza, akavua sweta, akakata mshono wa begani na kuanza kulifumua. Nilinyoosha mikono miwili mbele, naye akawa anauzungushia uzi humo. Kesho yake aliuosha, akautundika na kuufungia jiwe kwa chini ili unyooke. Haukunyooka. Nilipomuuliza atavaa nini, alisema, "Baridi hainijui mimi. Wewe soma."

Somo lenyewe lilikuwa mshono mmoja, ule wa mwanzo kabisa. Mwalimu Perusi alikuwa akipita kati ya madawati akisema, "Ingiza, zungusha, vuta, achia!" nasi tunaimba nyuma yake. Ulianza na vitanzi ishirini kwenye sindano, na ulitakiwa umalize na ishirini. Mimi kila nilipogeuza kazi kuanza mstari mpya niliuvuta uzi kwa nguvu kupita juu ya sindano, kitanzi cha kwanza kikaonekana viwili, nami nikavifuma vyote viwili. Mstari wa kumi nilikuwa na vitanzi ishirini na tisa. Wenzangu walikuwa na vitambaa vya mraba, changu kilikuwa kinatanuka kama sketi. Na ule uzi uliojikunja ulinimaliza. Wavulana waliniita Tambi, na jina lilinifuata mpaka nyumbani.

Dawati langu nilikaa na Damari, mtoto wa yule mama wa stesheni. Alikuwa na mkono mwepesi. Siku moja kabla ya siku ya wazazi, ambapo kazi zetu zilikuwa zipangwe mezani, aliichukua kazi yangu wakati wa mapumziko. "Uzi uache chini, usiupandishe juu ya sindano," aliniambia. "Tufumue, tuanze upya." Akafumua, akanipangia vitanzi ishirini kamili, akanifumia mstari mmoja wa mfano, akaniwekea mkononi. Badala ya kushukuru nikamwona amenimaliza. Kesho wenzangu wanaweka vitambaa mezani, mimi nina mstari mmoja wa tambi! Wavulana walikwisha kuanza kucheka. Niliingia choo cha shule, nikatupa shimoni kila kitu. Nilizisikia zile spoku zikigonga ukuta wa shimo, moyo ukapoa kabisa.

Jioni mama akaniuliza uzi uko wapi. Nikasema umepotea.

"Nani alikuwa nao mwisho?"

"Damari."

Basi. Sikusema ameiba. Kwa miaka mingi nilijitetea kwa hilo, kwamba sikumsingizia mtu. Lakini nililisema jina lile nikijua linakwenda kufanya nini, na nililisema haraka.

Mama alijifunga kitenge akavuka uani. Nilisikia sauti ya mama Damari ikipanda, halafu fimbo, halafu Damari akilia kwamba aliniwekea mkononi. Asubuhi shuleni alinisubiri mlangoni. "Si nilikupa? Si nilikupa mkononi?" Niliangalia viatu vyangu. Hakuniuliza tena, alihama dawati tu. Wavulana waliniacha, wakapata jina jipya la kumwita yeye. Silitaji hapa.

Mama na mama Damari wakawa wanauzia ncha mbili za stesheni. Kipupwe kile chote mama alikwenda na kitenge mabegani, akikohoa, na kila nilipomwona anatetemeka nilitaka kusema. Sikusema. Mwaka ukapita, nikajiambia limeshapoa.

Sasa ninaishi Chang'ombe, hapa Dodoma mjini, na mama ninaye. Mwezi uliopita Damari alikuja kumwona. Anaishi mji huu huu, alisikia mama anaumwa miguu, akaja na kifurushi cha karanga. "Shikamoo, mama," akapiga goti kabisa, mtu mzima yule. Mama akaitikia kwa kifupi na kugeukia ukutani. Nilimsindikiza Damari hadi barabarani, maneno yamenijaa mdomoni, nikaishia kumshukuru kwa karanga. Naye akasema, "Mtunze mama."

Niliporudi ndani, mama aliniambia taratibu, "Kahesabu vijiko."

Nilikaa kitandani kwake. Nikasema, "Mama, Damari hakuchukua uzi. Niliutupa mimi, chooni, kwa sababu walinicheka. Ulikuwa sweta lako na niliutupa." Nilikuwa nalia, sioni aibu kuliandika. Mama alinipapasa mkono, akatabasamu. "Wewe tangu mdogo una huruma. Unamtetea hata aliyekuibia." Nikarudia. Akasema nisijichoshe, akafumba macho.

Namba ya Damari ninayo. Nimempigia mara mbili tangu siku ile, akapokea, nikamuulizia hali ya watoto, nikakata.

Wazazi wa siku hizi tunajiona wajanja. Mtoto akituambia kaibiwa daftari, tunampigia mwalimu, tunaandika kwenye kundi la wazazi, tunataka kusikia upande wa pili. Mimi mwenyewe binti yangu simwamini mpaka nimeuliza watu wawili, naye ananinunia. Enzi zetu haikuwa hivyo. Mama yangu hakuuliza mtu. Aliniamini mimi, mtoto wa darasa la tano, na mpaka leo hajaacha.