Sufuria la Mchaichai

"Sufuria langu hilo, Yunisi! Ulilichukua siku ya harusi ya Ella, ukasema kesho unarudisha. Leo unapikia mafuta ya kanisani, sifa unabeba peke yako!"

Marcelina alikuwa anafoka mlangoni pa kanisa, Ujiji, ufagio mkononi. Yunisi, mke wa kaka yake, akacheka.

"Wifi, sufuria limeshazoea kwangu."

Kilichomuuma Marcelina hasa ni picha. Picha ya Bikira Maria, imechorwa juu ya mbao na wamisionari kabla hata bibi yake hajazaliwa, na yeye ndiye aliyeifuta vumbi tangu usichana. Masika haya unyevu wa ziwa ukaiotesha ukungu. Padri akamwita mtaalamu, Diana, naye akasema mvuke wa mafuta ya mchaichai unazuia ukungu: unalowesha pamba, unaiweka nyuma ya picha, unafunga sanduku la kioo inamotunzwa. Picha yenyewe isiguswe. Na mchaichai anaukamua nani? Yunisi, muuza mafuta ya kufukuza mbu. Basi ufunguo wa sanduku ukahamia kwake.

Kila Jumapili watu: "Mama, mikono yako ina baraka!" Marcelina akimeza mate kama aliyekwamwa na mwiba wa samaki mgebuka.

Siku moja Yunisi akausahau ufunguo sandukuni. Marcelina hakuchelewa. Akachukua mise, yale mafuta ya kokwa za mchikichi tunayojipaka mwilini na kung'arishia vigoda, akapaka kona ya chini ya picha. Ikang'aa! "Sasa watajua nani ni nani."

Wiki haikuisha, kona ile ikaota ukungu kama manyoya ya kifaranga. Kwingine kote safi.

"Yunisi, dawa yako imeshindwa hapa?" Padri akauliza.

Yunisi akainama, akanusa. Mise haijifichi. Akamtazama wifi yake usoni, kisha akageuka.

"Pamba ilikuwa ndogo, Padri. Nitaongeza, na Diana nitampigia simu atuelekeze kupasafisha."

Padri akaondoka. Marcelina akaona wivu upya: hata kwa wema huyu mwanamke kamshinda!

"Mbona hukunisema?"

"Nikikusema, nani atanisaidia kukata majani ya mchaichai?"

Marcelina akafagia mahali palipokwisha kufagiwa.

"Lile sufuria," akasema bila kuinua uso, "mfuniko wake uko kwangu. Ndiyo maana mvuke unakupotea bure. Jioni nakuletea. Kaa nalo tu."