Kirusi kilivyompeleka Baba "quarantaine", na jinsi tulivyomrudisha

Wakuu, hamjambo. Mimi ni msomaji wa pembeni tu, kuandika si kawaida yangu. Leo nimekuja kushukuru, na ninayosimulia yametokea nyumbani kwetu Butembo, chumvi sijaongeza.

Naitwa Masika. Nafanya kazi kwenye secrétariat public, yaani kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi.

Nyumbani tuko wawili, mimi na Mama, pamoja na kompyuta ya mezani tuliyokimbia nayo vita kutoka Oicha, imefungwa kwenye kitenge, juu ya pikipiki.

Kwa nini kompyuta na si masufuria? Kwa sababu Baba yumo.

Baba alikuwa mwimbishaji kanisani. Kabla hajauawa shambani kwake kwenye kakao, njia ya Eringeti, alijirekodi humo akiimba nyimbo sita za Kinande ili wanakwaya wajifunze. Mwanzoni kabisa anasikika akiuliza, "Iko inakamata?" Yaani, inarekodi?

Kila Jumapili tukitoka ibadani Mama huketi mbele ya kompyuta. Baba anauliza, na Mama anamjibu taratibu, "Inakamata."

Picha yake hatuna hata moja. Tulibaki na sauti.

Sasa kosa langu. Nilichomeka flashi ya kazini, ile inayopita kwa kila mteja, kwenye kompyuta ya nyumbani. Mimi huyuhuyu ninayewakemea wateja kila siku. Nichekeni tu.

Kesho yake folda hazifunguki. Nikaweka antivairasi ya Kifaransa, ikakagua weee, mwisho ikaandika kwa rangi nyekundu:

BABA.exe, mis en quarantaine. Yaani, imewekwa karantini.

Nikatafuta folda ya nyimbo, tuliyoipa jina BABA. Hakuna kitu.

Mama alikuwa nyuma yangu. Kifaransa chake ni kidogo, lakini ulikuwa wakati wa Ebola, na neno hilo kila mtu Beni na Butembo alilijua. Watu waliingia, wengine hawakutoka.

"Masika, bamemupeleka?"

"Mama, ni virusi ya mashini. Hapana ile ya batu."

"Virusi ni virusi. Tunaweza kumuona, hata mu plastiki?"

Alimaanisha vile vyumba vya plastiki angavu, ambamo ndugu walimtazama mgonjwa wao wakiwa nje. Nikalia. Nilikuwa nimempoteza Baba mara ya pili, na safari hii kwa mkono wangu.

Asubuhi nikakuta ndoo ya maji ya klori mlangoni pa chumba. Mama alikuwa ameshafuta na kibodi kwa maji hayohayo. Herufi P haijabonyezeka mpaka leo.

Mwenzangu wa kazini akaniambia nisijisumbue, ni ku-formater tu. Nilipomweleza Mama kwamba hiyo inafuta vyote, akasimama katikati ya mlango.

"Hapana. Mutu banamungojeaka siku makumi mbili na moja. Kisha njo tutajua."

Ndizo siku walizofuatiliwa waliomgusa mgonjwa. Ningeweza kubishana. Sikuwa na moyo huo.

Kila asubuhi akaniuliza, "Baba yako ameamuka je?" Nami nikamjibu, "Iko vile vile, Mama."

Siku ya tisa nikaona jambo. Folda haipo, lakini nafasi iliyojaa kwenye diski haijapungua hata kidogo. Nikauliza humu jukwaani, na mmoja wenu akanitumia mstari wa kuandika kwenye lile dirisha jeusi la amri:

attrib -h -r -s /s /d D:\*.*

Akanieleza kwamba kirusi cha aina hii huificha folda halisi, halafu chenyewe hujivika jina lake. Aliyepelekwa quarantaine alikuwa tapeli. Baba alikuwa palepale, amefichwa tu.

Nikaandika. Nikangoja. BABA, nyimbo sita.

Sikumwita Mama. Nilibonyeza, nikaongeza sauti.

"Iko inakamata?"

Jikoni nikasikia sufuria inawekwa chini. Mama akaja, akanawa kwanza kwenye ndoo yake, akaketi. Wimbo ulikuwa umeshaanza.

"Inakamata," akasema. "Inakamata, Baba Masika."

Nilichojifunza: flashi ya kazini ilale kazini. Ukiona jina la kitu chako kwenye orodha ya virusi, soma mpaka mwisho wa jina, hiyo .exe, alama ya programu, ndiyo inayomuumbua tapeli. Na usi-format ukiwa na hofu. Bila ule ukaidi wa Mama ningefuta kila kitu. Sasa nakala ziko kwenye flashi tatu, moja iko kwa shangazi, mjini Kanyabayonga.

Nanyi semeni, mlishawahi kukaribia kufuta kitu kisichopatikana tena? Na yule wa ule mstari ajitokeze, Mama anataka kumwombea kwa jina.

Nusura nisahau. Siku ya ishirini na moja Mama alidai karatasi, kama ile waliyopewa waliopona wakitoka kituoni. Nikaichapa kazini: jina la Baba, tarehe, "hana virusi tena", na muhuri wa kibanda.

Ameibandika ukutani juu ya kompyuta, pale ambapo wengine hutundika picha.