Jina Katika Wimbo wa Aimé

Aimé ni mtu mkweli kupita kiasi, na ukweli huo ndio uliomponza. Miaka kumi na moja iliyopita, katika kambi ya wakimbizi Tanzania, aliulizwa kwenye mahojiano ya kuhamia Australia, "Uko na bibi?" Clarisse alikuwa pale nje anamngoja, na walikwisha kuishi pamoja miaka miwili. Lakini baba yake Clarisse alikuwa amebaki Kongo, wazee hawajakaa, mahari haijazungumzwa. Kwa mila za kwao huyo hajawa mke. Aimé akajibu, "Bado." Mtu mwingine yeyote angedanganya kidogo, na leo angekuwa baba wa watoto wanne.

Akaja Sydney peke yake. Alipoanza kumshughulikia Clarisse makaratasi ya kumfuata, akaonyeshwa jibu lake mwenyewe ndani ya faili: hana mke. Alihangaika miaka mitano, mpaka Clarisse akachoka kungoja, akaolewa na fundi cherehani aliyefika kambini baadaye. Ilikuwa wiki ya Noeli. Aimé, ambaye hushinda kwenye ghala moja Lidcombe akipanga maboksi, alilia siku tatu, kisha akachukua gitaa akatunga wimbo.

Wimbo wenyewe ni wa majonzi matupu, lakini Wakongo wa Auburn, mtaa wa hapo Sydney, wameupenda ajabu. Kila Noeli baada ya ibada, ukumbi wa kanisa ukiwaka joto la Desemba na kunukia sombe, kisamvu cha kwao, lazima Aimé auimbe, na video yake husambaa mtandaoni. Kiitikio ni jina tu, Clarisse, mara nne, na ukumbi mzima humpokea. Kwake ndiyo siku pekee ya mwaka anapolisikia jina hilo midomoni mwa watu, na kwa dakika chache nusura aamini kwamba mwenyewe yupo jikoni, anapakua.

Mwaka huu, siku mbili kabla ya Noeli, akapokea ujumbe wa sauti ambayo hakuwa ameisikia kwa miaka sita.

"Aimé, ni miye. Nakuomba pardon, usiimbake tena jina yangu. Bwana yangu anaonaka ile video kila mwaka, anasema tungali tunaongea. Amesema akiisikia tena, atanifukuza. Niko na watoto, Aimé."

Aliusikiliza mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Nani angemlaumu?

Siku ilipofika alijaribu kukwepa, akasingizia koo. Mama Armelle, kiongozi wa kwaya, hakutaka kusikia habari za koo. Akamwekea gitaa mapajani. Basi akaimba, na alipofika kwenye kiitikio akanyamaza, akaacha nyuzi zilie peke yake. Haikusaidia kitu. Watu wakaliimba jina mara nne kwa nguvu zote, simu zao juu zikirekodi.

Aimé akazima nyuzi kwa kiganja.

"Mungoje kidogo," alisema. "Huyu Clarisse, hayuko. Jina nilitafuta tu ili iingie muzuri mu wimbo. Kule kambini sikukuwaka na mwanamke."

Mama Armelle, aliyekuwa jirani yao kambini, akamtazama sana, kisha akainamisha macho. Wengine wakaangua kicheko.

"Papa Aimé, kumbe miaka yote hii unatudanganyaka?"

Aimé aliigeukia simu iliyokuwa karibu naye zaidi, uso wake uonekane vizuri.

"Ndiyo," akasema. "Nilikuwa nawadanganya."